Gurupe ndogo bila sharbo: kondansateri ilikuja kufanya nini?



Mwaka nilikuwa naandika memwari yangu, gurupe ya nyumba yetu ya wanafunzi ilikuwa inanguruma vizuri, lakini taa hata moja haiwaki. Fundi mwenye alikuja alisikiliza tu, akasema: rota imekufa. Tukaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Leo, kisha kusoma historia ya hii mashine, naona aibu kidogo.

Tuanzie mbali. Mwaka 1831, Faraday kule London alionyesha kama sumaku ikipita karibu na waya, umeme unazaliwa. Mashine za kwanza zilitumia sumaku za kudumu, na nguvu yao ilikuwa ndogo. Mwaka 1866, Siemens wa Ujerumani alishika jambo lenye linatuhusu mpaka leo: chuma chenye kilikuwa sumaku hakisahau yote. Kinabakisha kidogo, na kile kidogo kinatosha kuanzisha umeme, wenye unarudi kukuza sumaku ile ile.

Shida ilikuwa kufikisha umeme kwenye rota yenye inazunguka. Walitumia sharbo, zenye zinasuguana na kuisha. Mwaka 1935, Bassett na Potter waliandika kule Marekani namna kondansateri inaweza kuamsha mota ya kawaida yenye inazungushwa, ikawa jenereta, bila kuipa umeme wa nje. Gurupe zetu ndogo zenye hazina sharbo zinafuata wazo la ukoo ule.

Hapa tukae kidogo. Ndani iko bobinaji mbili: moja inapeleka umeme kwenye priz, ingine imefungwa na kondansateri peke yake. Rota ikizunguka, sumaku yake ya mabaki inatoa volti chache tu. Kondansateri inavuta umeme wenye unatangulia volti, na ule umeme unatengeneza sumaku yenye inasaidia ile ya rota. Sehemu yake ingine inaamsha umeme ndani ya waya wa rota, diyodi inaunyoosha, rota inakuwa sumaku ya nguvu. Mzunguko unajikuza mpaka chuma kinashiba, na hapo volti zinatulia. Hakuna karte ya elektroniki. Wenye kusimamia volti ni kasi ya mota na ukubwa wa kondansateri, basi.

Sasa rudi kwa yule fundi. Angepima kwanza kasi: kwa rota ya ncha mbili, 50 Hz inadai mizunguko 3000 kwa dakika. Kisha angepima priz. Ukikuta volti chache tu, sumaku ya mabaki ingali iko; kuna kitu kimekatika kwenye ule mnyororo: kondansateri, bobinaji yake, ao diyodi. Ukikuta sifuri kabisa, angalia dijonta na waya za priz, halafu fikiria sumaku imepotea. Hii inarudishwa na batri ya 12 V, sekunde moja tu kwenye bobinaji ya kondansateri, mashine ikiwa imesimama na kondansateri imechomolewa.

Kondansateri yenyewe, zima mashine na uitoe chaji mbele ya kuigusa, inaweza kukupiga hata gurupe ikiwa imezimwa. Pima mikrofaradi, linganisha na zenye zimeandikwa juu yake. Diyodi nayo, fungua mguu wake mmoja. Bila hivyo waya wa rota utapitisha pande zote mbili na utahukumu diyodi nzima kuwa imekufa.

Na wale wenye wanaweka kondansateri kubwa zaidi juu volti ziko chini? Kama kosa lilikuwa kasi ya mota, wanachoma bobinaji, hapo sasa hasara inakuwa ya kweli.

Ile yetu, hakuna mtu aliyeleta hata multimetri.