Maisha ya Profesa Muyembe kwenye Wikipedia: namna ya kujua kama ukurasa umeandikwa vizuri

Wanafunzi wa Goma, Bukavu, Beni ao Bunia wanapopewa kazi juu ya mutu wa sayansi, wengi wanatafuta kwanza kwenye Wikipedia. Ni kamusi elezo ya bure iliyoanza tarehe 15 Januari 2001. Kila mutu mwenye intaneti anaweza kuandika ndani yake ao kusahihisha wengine. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hatari yake inatoka palepale.

Ukurasa juu ya maisha ya mwanasayansi unapimwa namna gani? Mufano ulio karibu na wakaaji wa mashariki ni ule wa Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, munganga Mukongomani aliyezaliwa mwaka 1942 na ambaye alikutana na Ebola tangu mwanzo wake, mwaka 1976.

Neno la kuchunga: «aligundua»

Nani aligundua Ebola? Kwa miaka mingi vitabu na magazeti ya Ulaya na Marekani yalitaja majina ya Wazungu, zaidi sana Mubelgiji Peter Piot.

Mambo yenyewe yalikuwa na hatua nyingi. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulianza kuua watu huko Yambuku, katika jimbo la Équateur la wakati ule. Kinshasa ilimutuma Muyembe, ambaye alikuwa amepata udaktari wake wa sayansi huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Alitoa damu ya wagonjwa bila kitu cha kufunika mikono. Kiisha akarudi Kinshasa pamoja na musista mugonjwa. Damu ya musista ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwenye taasisi ambako Piot alikuwa mutafiti kijana. Labo ya Antwerp, ile ya Porton Down huko Uingereza na ile ya CDC huko Atlanta, Marekani, zilichunguza na ikajulikana kwamba ni virusi vipya. Vikapewa jina la muto Ebola. Kule Yambuku watu 318 walipata ugonjwa na 280 walikufa.

Kwa hiyo, ukurasa unaosema tu kwamba fulani «aligundua Ebola» haujamaliza kazi yake, hata kama huyo fulani ni Muyembe mwenyewe. Ukurasa muzuri unatenganisha hatua: nani alifika kwa wagonjwa, nani alitoa damu, nani aliona virusi kwa mikroskopu, nani alithibitisha kama ni vipya.

Namba ndogo mwishoni mwa sentensi

Katika Wikipedia, habari kubwa inapashwa kufuatwa na namba ndogo. Ukiifinya, inakuonyesha habari ilitoka wapi: kitabu, gazeti, ripoti ya sayansi. Ukurasa wenye maneno mengi na namba mbili tatu tu ni ukurasa zaifu, hata kama Kiswahili ao Kifaransa chake ni kizuri.

Lakini kuhesabu namba hakutoshi. Inafaa pia kuuliza nani aliandika hivyo vyanzo. Mwezi wa Machi 1977, gazeti la uganga The Lancet lilitoa ripoti tatu za kwanza juu ya virusi hivi, kutoka kwa zile labo za Antwerp, Porton Down na Atlanta. Jina la Muyembe halimo kati ya waandishi wa hizo ripoti. Mutu anayefuata ripoti hizo peke yake atamusahau Muyembe bila kusema uongo hata kidogo. Kamusi elezo inarudilia kile ambacho kimekwisha kuandikwa pengine. Kama vyanzo vilimuacha mutu inje, nayo itamuacha inje.

Mwaka 2019, radio NPR ya Marekani ilitoa habari ndefu iliyoeleza kazi ya Muyembe kule Yambuku na namna alivyonyimwa heshima yake. Habari kama hiyo ndiyo inamupa mwandishi wa Wikipedia kitu cha kushika.

Jambo hili haliwapati Waafrika peke yao. Donna Strickland wa Kanada alipata zawadi ya Nobel ya fizikia mwezi wa Oktoba 2018. Siku ile hakuwa na ukurasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Miezi michache mbele, mutu alikuwa ameandika juu yake, lakini ukurasa ulikataliwa kwa sababu ya vyanzo visivyotosha.

Sifa tupu si alama nzuri

Maneno kama «shujaa mukubwa» ao «mutu wa ajabu» yasiyokuwa na tarehe wala chanzo yanafaa kumupa musomaji mashaka. Habari iliyo sawa inaeleza kazi na pia maswali ambayo wengine waliuliza juu ya kazi hiyo.

Mwaka 1995, Ebola ilipoingia Kikwit, wagonjwa wanane walipewa damu ya watu waliokuwa wamepona. Saba kati yao waliishi. Muyembe alikuwa mumoja wa walioongoza kazi hiyo. Wanasayansi wengine hawakukubali upesi, kwa sababu hapakukuwa kikundi kingine cha wagonjwa cha kulinganisha. Ukurasa unaotaja wale saba na kunyamazia mashaka hayo unafanya matangazo. Ule unaotaja mashaka peke yake nao unaficha, kwa sababu hadisi iliendelea.

Kile kisichoandikwa

Kosa gumu kuona ni lile la habari isiyokuwemo. Maisha ya Muyembe yakiishia Yambuku, nusu ya kazi yake imekatwa. Mwaka 1998 alianza kuongoza INRB, taasisi ya inchi ya utafiti wa viumbe na uganga. Tena, kutoka katika damu ya mutu aliyepona Kikwit, watafiti wa Kongo na wa Marekani walipata kingamwili, ni kusema askari wa damu, iliyozaa dawa iitwayo mAb114.

Dawa hiyo ilijaribiwa hapa mashariki. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini ilifikia watu 3,470 na kuua 2,287 mbele ya kuisha tarehe 25 Juni 2020. Mwezi wa Julai 2019 Muyembe alipewa kuongoza riposti. Mwezi uliofuata, matokeo ya majaribio yalitangazwa. Kati ya waliopewa mAb114, karibu 35 kwa 100 walikufa, na kati ya waliopewa ZMapp, dawa nyingine iliyojaribiwa, walikuwa karibu 50 kwa 100.

Wakati ule watu wengi wa Beni na Butembo walisema Ebola ni biashara ya wageni. Mwanafunzi anayesoma ukurasa usiotaja Kikwit wala mAb114 anaweza kubaki na wazo kwamba kila kitu kilitoka inje, na kwamba Wakongomani walikuwa wagonjwa tu.

Mambo matano ya kuangalia

1. Juu ya ukurasa, kuna onyo kwamba vyanzo vinakosekana? Lisomwe kwanza.
2. Kila tarehe, zawadi na hesabu ya wafu ina namba ya chanzo? Chanzo kikifunguliwa, kinasema kweli neno lile?
3. Sehemu ya «historia» inaonyesha nani alibadilisha na lini. Mabadiliko mengi katika siku moja yanaweza kuonyesha ugomvi.
4. Sehemu ya «majadiliano» inaonyesha mahali waandishi hawapatani.
5. Ukurasa wa Kifaransa, wa Kiingereza na wa Kiswahili unasema mamoja? Pale zinapoachana, chanzo kitafutwe. Jina pia litafutwe kwa namna mbili: Muyembe, na Muyembe-Tamfum.

Anayeona kosa afanye nini?

Anaweza kufinya «hariri» na kusahihisha, akiweka chanzo. Kama hana uhakika, aandike kwenye majadiliano. Juu ya mutu aliye hai, Wikipedia inaomba kuondoa mara moja neno linaloweza kuleta ubishi ikiwa halina chanzo.

Ushuhuda wa mudomo haukubaliwi, hata ukiwa wa kweli. Munganga aliyetumika Mangina ao mama aliyepona Katwa hawezi kuandika mule «mimi nilikuwako» na ikabaki. Maneno yake yanapashwa kutolewa kwanza katika gazeti, kitabu, ripoti ao ukurasa wa radio. Miaka ishirini ijayo, watakaoandika juu ya Ebola ya mashariki watafuata kile watakachokuta kimeandikwa, na jina ambalo halikuandikwa mahali halitaonekana.