Ibra, Sur na Qalhat kwa Gari la Kukodi

Wageni wengi kutoka Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam wakifika Oman hukodi gari Maskati, wakazoea kupita upande wa kulia wa barabara, kisha wakashika njia ya Nizwa. Nizwa inastahili. Ngome yake yenye mnara mkubwa wa duara ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Yaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Enzi ya mwanawe, Saif, ndipo majeshi ya Oman yalipoiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Asubuhi ya Ijumaa hapo Nizwa kuna mnada wa mbuzi na ng'ombe, na hapo kila mgeni hupiga picha.

Lakini mtu wa pwani anayetaka kujua Wamanga waliokuja kwao walitoka wapi hasa, na aelekee mashariki, Sharqiya.

Ibra ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Maskati. Barabara kuu inaupita mji, na magari mengi yanaupita vilevile. Anayegeuka kuingia mji mkongwe atakuta mtaa wa Minzafah, ambao lazima autembee kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba, nyumba za mawe na udongo zina ghorofa mbili au tatu, dari nyingi zimeanguka, na juu ya vyumba visivyo na paa bado kuna matao yaliyonakshiwa kwa mkono. Haya hayakuwa makazi ya wakulima wa tende peke yao. Matajiri wa hapa walifanya biashara Afrika Mashariki, na faida ya karafuu na pembe za ndovu ikageuka kuta hizi. Mbele kidogo, Mudhairib, minara ya ulinzi ingali imesimama vilimani juu ya nyumba za aina hiyohiyo.

Sharqiya ni nchi ya Waharthi na jamaa zao Wabarwani, majina ambayo msomaji wa historia ya pwani anayajua vyema. Waharthi walikuwa na nguvu Unguja hata wakathubutu kumuunga mkono Barghash alipomwasi nduguye, Sultani Majid, mwaka 1859. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita dhidi ya Wajerumani, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya Ujiji na ukanda wa Ziwa Tanganyika. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ilikuwa ya watu. Anayeyasifu matao ya Minzafah bila kuwakumbuka waliobebeshwa pembe kutoka bara hadi pwani, ameisoma nusu tu ya nyumba.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika bandari ya Sur. Majahazi ya huko yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Yalibeba watumwa pia, na Unguja ya karne ya 19 iliwaogopa mabaharia wa kaskazi kwa wizi wa watoto. Kukwepa kupekuliwa na manowari za Kiingereza, baadhi ya manahodha wa Sur walipandisha bendera ya Ufaransa. Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya bendera hiyo ulifika kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliibana Ufaransa katika kugawa bendera hiyo. Leo Sur imelihifadhi nchi kavu jahazi la Fath al-Khair, lililoundwa hapohapo mwaka 1951. Lilikuwa limeuzwa, na watu wa mji wakachanga fedha kulirudisha kutoka Yemen.

Kutoka Sur hadi Qalhat ni safari fupi kwa gari. Ibn Battuta, aliyekuwa amefika Mombasa na Kilwa kabla ya hapo, aliitembea njia hii kwa miguu katika karne ya 14, akafika nyayo zimevimba, akalazimika kupumzika siku sita. Mji aliouona ulichomwa na Wareno mwaka 1508. Kilichobaki wima ni kaburi linaloitwa la Bibi Maryam, na tangu 2018 magofu hayo yako katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Gari dogo linatosha kwa njia hii yote. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linahitajika kwa anayetaka kupanda milima ya Jabal Akhdhar, ambako polisi huyarudisha magari mengine kwenye kizuizi cha barabarani. Kinachohitajika zaidi ni Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa Sultani Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970, familia nyingi zilihamia Oman na lugha yao, na Sharqiya bado wapo wazee wanaoizungumza kama walivyoizungumza Pemba au Tabora. Msafiri akimkuta mmoja wao, amwamkie, amuulize nyumba zile zilikuwa za nani na wenyewe waliishi wapi Afrika, kisha aandike majibu yote, ya fahari na ya aibu, wazee hao wakiwa bado hai.