Kabla Utengeneze Apu, Keti Chini na Ayeyo

Wasee, hii stori si ya kujisifu. Ni ya kujianika.

Mwaka 2022 nikiwa chuo Nairobi nilitengeneza apu ya wafugaji. Wazo lilikuwa simple tu: bei za mbuzi na ng'ombe za soko la Garissa zimfikie mfugaji wa kwetu Balambala kabla hajatoa mnyama boma. Ilikuwa na ramani, grafu, rangi poa. Darasani walinipigia makofi. Nikajiona nimeomoka.

Likizo ikafika, nikarudi nyumbani na simu yangu mkononi kama mtu ameleta zawadi. Ayeyo akaangalia kioo, akaniuliza maswali matatu. Hii kitu inaongea Kisomali? Inaingia kwa kabambe yangu? Na mvua ikikataa tena, itanipa nini?

Majibu yalikuwa hapana, hapana, na kimya.

Kumbuka huo ulikuwa mwaka gani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya nzima. Kwetu, mbuzi 60 walibaki 9. Sasa mimi nilikuwa nampelekea grafu ya bei mtu ambaye hana cha kuuza.

Nilikasirika wiki moja, halafu nikaanza kusoma. Nilitaka kujua waliofanikiwa walifanya nini. Na nilichopata ni kwamba hata wao mteja aliwasahihisha kwanza.

Tuanze na M-Pesa, maana kila mtu anadhani anaijua. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio Nairobi na Thika, wakiwa na watu karibu 500 tu. Pesa nyingine ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Na kazi yenyewe haikuwa kutumiana pesa! Ilikuwa ni watu wenye mikopo midogo ya Faulu kulipa madeni yao kwa simu. Basi.

Lakini watu ni watu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wanaongoza hiyo kazi, wakaona vituko. Mtu anaweka pesa kwa ejenti jioni ili asitembee nazo usiku, asubuhi anatoa. Mwingine anamlipia rafiki mkopo halafu wanamalizana wenyewe pembeni. Wafanyabiashara wanalipana. Wengine wanatumia jamaa wa mashambani kredo. Upande wa Faulu nao, kuunganisha huo mfumo na vitabu vyao kulikuwa kazi ngumu.

Wangeweza kusema, "Nyinyi mnatumia vibaya, rudini kwa mstari." Badala yake waliweka mkopo kando. Machi 2007 M-Pesa ilipotoka kwa nchi nzima, tangazo lilikuwa la kitu kimoja: tuma pesa nyumbani. Na ilikubali kwa simu yoyote, hata ile mulika mwizi. Kabla mwaka uishe wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Sasa tuje kwa hii yetu ya kaskazini, ambayo watu wa Nairobi hawaisimulii.

Januari 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kampuni ya bima ya UAP na benki ya Equity walizindua bima ya mifugo Marsabit. Teknolojia ilikuwa kali. Hakuna afisa wa kuja kuhesabu mizoga porini. Setilaiti inapima ukijani wa malisho, hesabu inakadiria mifugo wangapi wamekufa, na makadirio yakipita 15 kwa kila 100, unalipwa. Msimu wa kwanza waliuza mikataba karibu 2,000. Misimu iliyofuata mauzo yakashuka.

Ukifikiria kama Ayeyo utaelewa. Unalipa leo. Mvua ikinyesha hupati kitu. Na jirani yako akipoteza ng'ombe kwa ugonjwa, setilaiti haina habari, kwa sababu yenyewe inaangalia nyasi tu. Oktoba 2011, baada ya ukame mkubwa, malipo ya kwanza yalitoka Marsabit na watu wakaona kumbe si maneno matupu. Lakini kuna maswali ambayo malipo peke yake hayangejibu.

Swali la kwanza lilikuwa la dini. Kwetu kaskazini mashariki wengi ni Waislamu, na bima ya kawaida ina mambo ya riba na kubahatisha ambayo mtu anayeogopa Mungu hataki kugusa. Ungeweka punguzo, ungeleta kofia na tisheti, bado asingenunua. Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ilishirikiana na ILRI kuleta Wajir bima ile ile ya setilaiti, lakini kwa njia ya takaful: watu wanachangia mfuko mmoja wa kusaidiana. Mwaka uliofuata wafugaji kama 100 hivi wakalipwa. Setilaiti haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimsikiliza mteja.

Swali la pili naliona ndilo kubwa zaidi. Bima ya mwanzo ilikulipa kwa mnyama aliyekufa. Lakini muulize mfugaji yeyote: unataka pesa ya ngamia aliyekufa, ama unataka ngamia wako aishi? Hapo ndipo mpango ukageuzwa, malipo yakaanza kutoka mapema, malisho yanapoisha, ili ununue majani, maji na dawa mnyama akiwa bado amesimama. Serikali ilipoanzisha mpango wake Oktoba 2015, Turkana na Wajir, ulikuwa wa aina hiyo, na baadaye ulifika kaunti zingine ikiwemo Garissa.

Nilimweleza Ayeyo haya yote nikiwa na furaha. Akanyoosha kidole upande wa mto Tana, kwa ile miti ya mathenge iliyojaa kando. "Hilo jicho la juu linajua kwamba ile si nyasi?"

Nilinyamaza tena. Mathenge hukaa kijani hata kiangazi kikali. Na cheki hii: yenyewe ililetwa na wataalamu miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Leo imefunga njia na malisho, na Baringo wafugaji walifika hadi mahakamani na mbuzi aliyeharibika meno. Hiyo pia ilikuwa bidhaa. Mteja hakuulizwa.

Kwa hivyo wewe unayeandika kodi usiku huu, haya ndiyo niliyobaki nayo. Angalia watu wanatumia kitu chako vipi, hasa wakikitumia "vibaya". Kama hawanunui, usikimbilie kusema hawajasoma; pengine wameelewa kuliko wewe. Jua pia wanaogopa nini na wanaamini nini, maana hiyo haionekani kwa grafu. Na ukipata jibu moja rudi tena, kwa sababu swali la pili litakuwa gumu zaidi.

Ile apu yangu niliifuta. Siku hizi niko na kitu kidogo sana: ujumbe wa sauti, Kisomali, unaofika kwa kabambe, unaosema mahali kisima kinafanya kazi na mahali kimeharibika. Sikuliwaza mimi hilo. Siku ile baada ya kumaliza maswali yake, nilimuuliza Ayeyo swali ambalo ningemuuliza mwaka mzima kabla: "Asubuhi ukiamka, kitu cha kwanza unataka kujua ni nini?"

Alijibu bila kufikiria. "Maji yako wapi."

Wewe mteja wako umeshamuuliza?