Picha ya Kinywa Kikavu: Historia Fupi ya Upimaji wa Tezi za Mate

Bibi yangu wa Masaka alilalamika kwa miaka mingi kwamba kinywa chake kimekauka. Hakuweza kumeza muhogo bila kunywa maji. Hospitali moja ikamwambia ni uzee tu. Katika insha hii nitaeleza jinsi binadamu alivyopata njia ya kuthibitisha malalamiko ya aina hii.

Mwaka 1933 daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliandika kuhusu wagonjwa wanawake waliokaukiwa na macho na kinywa. Picha za eksirei ziliweza kuonyesha mifereji ya tezi za mate, lakini hazikuonyesha kama tezi zenyewe zinafanya kazi.

Mwaka 1937, mjini Palermo, Italia, Carlo Perrier na Emilio Segrè walipata elementi mpya, teknetiamu. Mwaka uliofuata Segrè na Glenn Seaborg waligundua teknetiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Muda huo unatosha kupiga picha bila kumwachia mgonjwa mionzi kwa siku nyingi. Hata hivyo, ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, maabara ya Brookhaven, Marekani, ilipotengeneza jenereta ya kuizalisha, na Hal Anger alipobuni kamera ya gama.

Jambo lililonishangaza ni kwamba teknetiamu haikuundwa kwa ajili ya mate. Ikiwa katika umbo la pertekneteti, mwili huichukua kama ayodini. Kwa hiyo waliopiga picha ya tezi ya thairoidi waliona tezi za mate nazo ziking'aa. Ndipo zikaanza kupimwa zenyewe: mgonjwa hudungwa dawa mshipani, kamera hupiga picha mfululizo, kisha hupewa maji ya limau. Tezi nzima huvuta dawa, na ikionja ukali wa limau humwaga mate. Tezi iliyoharibika huvuta kidogo, au haimwagi. Mwaka 1971 Schall na wenzake waliyapanga matokeo hayo katika madaraja 4.

Kwa kuhitimisha, picha hii peke yake haitaji jina la ugonjwa, kwani hata tiba ya mionzi huharibu tezi. Bibi alipopimwa mwaka jana, tezi zake zilionekana kwa shida. Hakupona, ila tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia tena kwamba ni uzee.