Kufagia rejista ya kompyuta inayokufa

Najua nimeadimika, na leo nawaambieni sababu. Kompyuta yangu iliumwa, na mimi kwa ujuaji wangu nikaitibu ugonjwa ambao haikuwa nao.

Nilikuwa nakusanya simulizi za watu wa Unguja kuhusu ile miezi mitatu ya kiza. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari mpaka Fumba, na njia hiyo ilianza kazi mwaka 1980. Mei 2008 ilikatika, tukakaa kiasi cha mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 ikakatika tena, umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa skuli ya msingi. Nakumbuka foleni za ndoo za maji na kelele za majenereta Mji Mkongwe. Basi nikawarekodi wazee wa Makunduchi, Nungwi na Ng'ambo, sauti zote nikaziweka kwenye kompyuta yangu ya mezani, mtumba niliyoinunua Darajani.

Ikaanza kuzorota. Unaiwasha, unakwenda kunywa chai, unarudi bado inajifikiria. Nikatafuta dawa kwenye intaneti, nikakuta programu ya kusafisha rejista. Kwa dakika mbili tu ikaniletea makosa 743, yote kwa maandishi mekundu! Kuyaona bure, kuyafuta kwa pesa. Nikalipa.

Rejista hasa ni kitu gani? Ni daftari ambalo Windows huandika mipangilio yake na ya programu zilizomo. Ilianza na Windows 3.1 mwaka 1992, ikawa uti wa mgongo wa mfumo ilipokuja Windows 95. Ukiiondoa programu, mara nyingi huacha mistari yake humo, kama mpangaji aliyehama akaacha misumari ukutani. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa. Hata Microsoft wenyewe waliwahi kutoa programu ya namna hiyo miaka ya 1990, ikiitwa RegClean, kisha wakaachana nayo. Siku hizi wanasema wazi kwamba hawaungi mkono programu hizi, na kwamba rejista ikiharibika huenda ukalazimika kuiweka Windows upya.

Ukweli ni kwamba Windows haisomi daftari lote kila inapotaka kitu, bali huenda moja kwa moja kwenye mstari inaoutaka. Rejista ina mistari maelfu kwa maelfu. Kuondoa 743 mitupu ni kuchota gao la mchanga pwani ya Nungwi ukitaraji bahari ipungue.

Na woga huu umeuzwa sana. Mwaka 2008 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, akishirikiana na Microsoft, alimshtaki mfanyabiashara wa Texas kwa madai ya kuwatisha watu kwa ujumbe wa uongo kuhusu hali ya kompyuta zao, ili wainunue Registry Cleaner XP kwa dola 39.95. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia hata kwenye CCleaner, programu maarufu ya usafi, wakapachika virusi ndani ya toleo lililofika kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2.

Sisi nasi tuna historia ya kutegemea kompyuta bila kujua nini hasa kinatuuma. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza. Mahesabu ya serikali yakavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Walitupia lawama mashine. Mimi, nusu karne baadaye, nimeitupia lawama rejista.

Siku tatu nilikuwa nafuta na kuwasha upya. Ya nne haikuwaka kabisa. Nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja Michenzani, mtu mzima. Akaiunganisha, akaweka sikio.

"Mwanangu, diski inalia hii. Hukuisikia?"

Nilikuwa nikisikia tik, tik, tik. Nikadhani ndiyo inasafishwa!

Akanieleza kuwa diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, kazi hukatwa katikati, mafaili huharibika, na diski iliyochoka huzidi kuchoka. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, lakini nyumbani kwangu umeme ukikatika, kompyuta isiyo na betri huzimika palepale. "Ungeizima siku ya mwanzo tukatoa nakala, tungeokoa vingi," akasema. Kila nilipoiwasha "kuisafisha" nilikuwa naimaliza.

Nusu ya sauti zimepotea. Sasa nina diski mpya isiyo na sahani, na kompyuta inawaka kabla sijavuta kiti. Watu wa Nungwi na Ng'ambo nitawafuata tena. Lakini bibi mmoja wa Makunduchi, aliyenisimulia namna walivyozaliana kwa mwanga wa kandili kijijini kwao, alifariki kabla ya Ramadhani. Yeye simpati tena.

Wadau, kompyuta ikianza kuzorota msikimbilie dawa. Toeni nakala kwanza, tena leo hii. Mganga atafutwe baadaye.