Banjo na Shamba: Habari za Ala Iliyorudi Kwao

Katika mitaa kama Gatina husikika neno hili kila vijana wanapoleta ala za nyuzi kwenye siku ya shamba: kwamba banjo ni mchezo wa Wazungu, na wapigaji wake ni wavivu waliokimbia jembe. Neno hilo si dogo. Kijana aambiwaye kwamba kitu alichokishika si chake hukiacha, au huwaacha wazee wake. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza hapa habari za ala hiyo.

Asili ya banjo ni Afrika. Huko Gambia na Senegal, Wajola wana ala iitwayo akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, na nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Watu wa Afrika Magharibi waliouzwa utumwani walivuka bahari na maarifa ya ala za namna hii. Tabibu Hans Sloane, aliyefika Jamaica mwaka 1687, aliziona mikononi mwa watumwa, akazieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1707. Wenye ala hizo walikuwa watu wa shamba. Walilima miwa, tumbaku na pamba wasiyokula faida yake, na saa ya kupumzika wakapiga nyuzi zao.

Baadaye Wazungu walijifunza. Joel Sweeney wa Virginia aliipata banjo kwa watu weusi wa kwao. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilisimama jukwaani New York, nyuso zimepakwa weusi, likiwadhihaki wale wale walioleta ala hiyo. Michezo ya namna hii ilifika hata Cape Town mwaka 1862. Ndipo banjo ikarudi Afrika ikiitwa mgeni. Watu weusi wengi wa Marekani nao wakaiacha, na aibu ya dhihaka hiyo ilikuwa sababu mojawapo. Lakini mwaka 2000 Daniel Jatta, Mjola wa Gambia, aliipeleka akonting mbele ya wapenzi wa banjo huko Marekani, na undugu wa ala hizo mbili ukadhihirika. Mwaka 2005 vijana weusi wa Marekani waliunda kundi la Carolina Chocolate Drops, wakajifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla wa North Carolina.

Na sisi Kenya tu matajiri wa nyuzi. Wajaluo wana nyatiti, Wakisii wana obokano, Wabukusu wana litungu. Zote zimewambwa ngozi. Wenzetu wa pwani walipokea gambusi kutoka Yemen, kisha tashkota, iliyobuniwa Japani mwaka 1912, wakazitia katika taarabu, wala hapana awaambiaye kwamba taarabu si yao.

Kadhalika kazi ya shamba haikuwa ya mtu peke yake. Wakikuyu walikuwa na ngwatio na Wajaluo walikuwa na saga: majirani walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba akawakirimu. Kabla Dagoretti haijatiwa katika mji wa Nairobi, mwaka 1963, Gatina ilikuwa nchi ya mashamba. Leo ardhi imekuwa haba, na wengi wa mjini hupanda sukuma wiki katika magunia. Mtoto aliyezaliwa hapa aweza kukua asijue ngwatio ni nini.

Wahenga walinena: mwacha mila ni mtumwa. Lakini katika habari hii watumwa ndio walioishika mila, na walio huru ndio wanaotaka kuitupa. Kwa hiyo twawaomba wazee wasiwafukuze vijana wenye banjo. Jembe litangulie na nyuzi zifuate, na mzee ajuaye nyatiti aketi karibu nao, apige nao, awafundishe. Banjo ilipigwa miaka mingi na watu waliolimishwa kwa nguvu. Ni haki isikike sasa mahali ambapo alimaye ndiye avunaye.