Malkia wa Nyuki: Kutoka Mzinga wa Gogo hadi Mzinga wa Fremu

Mfugaji wa Bujumbura anayefunua mzinga nyuma ya nyumba yake na kumtafuta malkia anafanya jambo ambalo babu zake hawakuweza kulifanya bila kubomoa masega. Je, ni nini kilichobadilika?

Neno lenyewe ni ushahidi. Kirundi husema umuzinga, Kiswahili mzinga: chombo kirefu cha mviringo, ndiyo maana hata silaha ile kubwa ya vita tunaiita mzinga. Ndani yake masega hushikamana na kuta. Mrina asali alitia moshi, akakata masega, akaondoka. Malkia alijulikana kwa kazi yake tu: kundi likiendelea kuzaana, yumo.

Ulaya nako mizinga ya kale ilificha mengi. Aristotle alimwita kiongozi wa nyuki mfalme; mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler alishikilia kuwa ni jike. Baadaye François Huber wa Geneva, ambaye alikuwa kipofu, alitumia mzinga uliofunguka kama kurasa za kitabu, na msaidizi wake Burnens akawa macho yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1792. Mwaka 1851 Mmarekani Langstroth alitambua kwamba nyuki hawazibi nafasi ya milimita 6 hadi 9, hivyo fremu zinaweza kuinuliwa moja moja. Miaka ya 1970 ukaenea mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu, uliokuwa rahisi kwa fundi wa kijijini.

Hivyo malkia akaonekana. Hata hivyo, ujuzi wa babu haujapitwa na wakati. Yai la nyuki huanguliwa baada ya siku 3; ukiona mayai ndani ya vitundu vya sega, malkia alikuwapo siku hizo chache. Nyuki wetu ni wakali na hukimbiakimbia juu ya sega wakisumbuliwa. Mjini, ambako ua hupakana na ua, kumsaka malkia kwa muda mrefu kunaweza kuwaletea watoto wa jirani miiba. Aliyeona mayai na afunike mzinga. Amtafute malkia mwenyewe anapotaka kumbadilisha au kugawa kundi, akianzia kwenye masega yenye mayai na majana, akitazama tumbo refu linalopita mbawa.

Mzinga mpya umetupa macho. Kujua wakati wa kutotazama tumekurithi.